Kuhifadhi Si Kukarabati: Vioo vya Rangi vya Makanisa ya Pwani na Mzigo wa Neno Moja

Utangulizi

Mijadala ya istilahi za Kiswahili imezoea kuanzia darasani, mahakamani au maabarani. Ni nadra kuanzia juu ya ngazi ya fundi anayeng'oa dirisha. Hata hivyo, ni juu ya ngazi hiyo ambapo neno moja likitumiwa bila uangalifu huleta hasara isiyoweza kulipwa. Neno linalokusudiwa ni "ukarabati", na kitu kinachohatarishwa nalo ni madirisha ya vioo vya rangi yaliyowekwa katika makanisa ya pwani tangu robo ya mwisho ya karne ya 19. Makala haya yanatetea rai kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya kuyaeleza na kuyatunza madirisha hayo. Kinachokosekana ni kuyagawia maneno yaliyopo kazi zake, na ugawaji huo unafaa kufanywa pamoja na mafundi, kabla dirisha halijaguswa.

Ichukuliwe hali ambayo mkazi wa Kibaha au Kisarawe ataitambua mara moja. Kanisa limekuwa dogo kwa waumini wake, kwa kuwa jiji la Dar es Salaam limefurika hadi Kibaha na linapanda vilima vya Kisarawe. Kamati ya ujenzi inaundwa, harambee inafanyika, na katika muhtasari wa kikao panaandikwa "ukarabati wa madirisha". Fundi anayepewa kazi hulisoma neno hilo kama alivyolizoea katika shule, zahanati na nyumba za kupangisha: ng'oa kilichochakaa, weka kipya. Fremu za mbao zinatoka, za alumini zinaingia. Kioo cha zamani kinatupwa shimoni, na mahali pake panawekwa kioo cheupe kilichobandikwa karatasi ya plastiki yenye picha ya msalaba na njiwa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Fundi ametimiza alichoagizwa, na kamati imepata ilichokiandika. Kosa limo katika muhtasari.

Kisarawe, Minaki na Mkunazini

Vilima vya Kisarawe viliingia mapema katika historia ya makanisa haya. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, walioanza kazi Dar es Salaam mwaka 1887, walifungua kituo cha Kisarawe mwaka 1892 na kile cha Maneromango, katika nchi ya Wazaramo, mwaka 1895. Mwaka 1903 vituo hivyo vilichukuliwa na Misheni ya Berlin, na leo eneo hilo limo katika Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya KKKT, ambayo kanisa lake kuu ni Azania Front mjini Dar es Salaam. Waanglikana wa UMCA nao walikihamisha chuo chao cha Mtakatifu Andrea kutoka Kiungani, Unguja, hadi Minaki, Kisarawe, mwaka 1925. Kwa njia hiyo mwanafunzi wa Minaki alikuwa mrithi wa mapokeo yale yale yaliyojenga Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini.

Hazina kubwa ya vioo vya rangi haiko Kisarawe wala Kibaha, bali katika makanisa makuu ya Unguja na Dar es Salaam. Kanisa la Mkunazini lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka ambao soko la watumwa lililokuwa mahali hapo lilifungwa, na ujenzi wake ulisimamiwa na Askofu Edward Steere. Miongoni mwa madirisha yake lipo la kumbukumbu ya David Livingstone, na jingine la mabaharia wa Kiingereza waliokufa katika doria za kuzuia biashara ya watumwa. Mjini Dar es Salaam, Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, lina vioo vya rangi nyuma ya altare kuu vinavyopendeza zaidi alasiri, jua linapoelekea kuzama. Mtaalamu wa Kiswahili hawezi kulitazama kanisa la Mkunazini kama jengo tu. Steere huyo huyo ndiye aliyechapisha mwaka 1870 mwongozo wa sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja, lahaja ambayo baadaye ilifanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Aliyesimamia zege na aliyesimamia sarufi alikuwa mtu mmoja. Tangu wakati huo kazi hizo mbili zimeachana, na hasara yake inaonekana zaidi upande wa zege.

Kwa nini basi mjadala uletwe Kibaha na Kisarawe, badala ya kuachwa Mkunazini? Kwa sababu makanisa makuu yana watetezi. Lile la Unguja limo ndani ya Mji Mkongwe, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2000, na katikati ya miaka ya 2010 lilifanyiwa kazi kubwa ya hifadhi chini ya World Monuments Fund kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Kanisa la usharika wa kando halina orodha wala mfadhili. Lina kamati ya ujenzi na fundi. Ikiwa Kiswahili cha hifadhi hakitamfikia fundi huyo, kitakuwa Kiswahili cha semina.

Yapo mapingamizi mawili ambayo hayafai kupuuzwa. La kwanza linasema kwamba vioo hivi ni vya kigeni: viliagizwa Ulaya, vimechorwa watakatifu wenye nyuso za Kizungu, vikaletwa pamoja na utawala wa kikoloni. Ni kweli. Lakini shanga za kioo zinazochimbuliwa katika ardhi ya pwani nazo ziliagizwa ng'ambo, na leo hakuna mwanahistoria anayezitupa kwa sababu hiyo. Felix Chami, ambaye alichimba mabaki ya uyeyushaji chuma huko Limbo, katika eneo lililokuwa sehemu ya wilaya ya Kisarawe, ndiye pia aliyetangaza shanga za Mkukutu, Rufiji, na kuzitambulisha kuwa za Kirumi. Zikawa hoja nzito katika mjadala wa uhusiano wa pwani hii na ulimwengu wa kale. Shanga za Unguja Ukuu zimechambuliwa kikemikali, na uchambuzi umetenga zile zilizotoka Asia ya Kusini na zile za Mashariki ya Kati. Kioo kidogo kama punje ya mtama kimepimwa hadi elementi zake chache kabisa. Kioo chenye urefu wa mtu, kinachoonekana kila Jumapili, hakijapewa heshima hiyo.

Pingamizi la pili ni kwamba jambo hili linawahusu Wakristo pekee, hali Pwani ni mkoa wenye Waislamu wengi. Jibu lake liko forodhani Unguja. Jengo la Zahanati ya Kale, lililoanzishwa mwaka 1887 kwa fedha za Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kiismailia, lina roshani za mbao na mapambo ya vioo vya rangi ambayo hayakukusudiwa ibada ya Kikristo hata kidogo. Jengo hilo lilirejeshwa katika hali yake katika miaka ya 1990 na shirika la Aga Khan la utamaduni. Aliyefanya kazi kwenye vioo vya zahanati ile alikabiliana na maswali yale yale yatakayomkabili aliye juu ya ngazi kanisani.

Kioo kinavyosema kikipimwa

Ni lazima kusema kidogo kuhusu kioo chenyewe, kwa sababu wanaisimu wamezoea kuunda istilahi za vitu ambavyo hawajavishika. Kioo ni mchanga wa silika ulioyeyushwa pamoja na magadi au majivu ya miti, ambayo hupunguza joto linalohitajika, na chokaa, ambayo hukifanya kisiliwe na maji. Vioo vingi vya makanisa ya kaskazini mwa Ulaya vya zama za kati vilitengenezwa kwa majivu ya miti; vina potasiamu nyingi, navyo huliwa upesi na unyevu. Vile vya karne ya 19 kwa kawaida ni vya magadi na chokaa, na ni imara zaidi. Hata hivyo, uwiano ukikosewa kiwandani, kioo cha magadi nacho huanza kutoa chumvi zake katika hewa yenye unyevu, kikawa kama kinatoka jasho. Pwani ya Tanzania, ambako unyevu wa hewa hupita asilimia 70 kwa siku nyingi za mwaka, si mahali pa kukisia uwiano huo.

Rangi ndilo jambo lenye utata zaidi, na ndipo msemo "kioo cha rangi" unapoanza kuwa mfupi mno. Buluu ya kobalti huyeyushwa pamoja na kioo, ikaenea ndani yake kote. Nyekundu ya shaba ni nzito kiasi kwamba ikienea kote kioo huwa cheusi. Kwa hiyo huwekwa kama tabaka jembamba juu ya kioo cheupe. Manjano ya fedha, iliyoanza kutumika Ulaya mwanzoni mwa karne ya 14, hupakwa usoni kisha huchomwa, ikapenya kidogo tu. Nyuso, mikunjo ya nguo na maandishi huchorwa kwa unga wa kioo uliochanganywa na oksidi ya chuma au shaba, kisha huchomwa katika joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi. Mtu anayesimama chini kanisani huona rangi tu. Anayepewa ndoo, brashi ya waya na sabuni ya unga ana mbele yake vitu vinne tofauti: cha kwanza hakitadhurika kwa urahisi, na cha mwisho kinaweza kufutika asubuhi moja.

Hofu hiyo ina historia. Katika miaka ya 1860 na 1870 baadhi ya warsha za Uingereza zilitia boraksi katika rangi ya kuchorea ili iive kwa joto dogo zaidi. Rangi hiyo haikushikamana vema na kioo. Baada ya miongo michache nyuso zilianza kupauka na maandishi kupotea, na warsha zilizohusika zililazimika kurudia kazi. Miaka hiyo inagusana na ile ya ujenzi wa Mkunazini. Dirisha lolote la Kiingereza la kipindi hicho, popote lilipo pwani, linapaswa kudhaniwa kuwa na ugonjwa huo mpaka vipimo vionyeshe vinginevyo, wala halipaswi kuoshwa kabla. Msemo wa mafundi kwamba kioo kilichofifia "kimechafuka tu" ni wa hatari hapa, kwa kuwa kilichofifia huenda si uchafu bali ni uso wenyewe unaoondoka.

Vipimo havihitaji kuvunja kitu. Kifaa cha kushika mkononi kinachopiga kioo kwa eksirei na kusoma elementi zilizomo si kigeni tena nchini. Vifaa vya namna hiyo hutumiwa kupimia dhahabu katika masoko ya madini yaliyoanzishwa mwaka 2019. Kina udhaifu wake: hakisomi sodiamu vizuri, na husoma zaidi uso wa kioo, ambao huenda umekwisha kubadilika. Lakini hutosha kuonyesha kobalti, shaba, manganizi, potasiamu na risasi, na kwa hayo mengi huamuliwa. Manganizi ina tabia inayofaa kujulikana katika nchi ya jua kali. Zamani ilitiwa katika kioo cheupe ili kuondoa ukijani wa chuma, na kioo hicho kikikaa juani miaka mingi hugeuka urujuani hafifu. Fundi asiyejua hilo atakiona kipande cha namna hiyo kuwa kimeharibika na kukibadilisha, kumbe kingemsaidia mchunguzi kukisia umri wake. (Kuna pia imani iliyoenea hata vyuoni kwamba vioo vya kale ni vinene upande wa chini kwa sababu kioo hutiririka polepole. Hakitiririki katika joto la kawaida. Vilikuwa vinene upande mmoja tangu vilipotengenezwa, na mfungaji ndiye aliyeweka upande huo chini.)

Mara nyingi kinachoharibika kwanza ni vile vinavyokishika kioo. Vipande hushikwa na risasi iliyochongwa pande mbili ili kioo kiingie, na risasi hulehemiwa penye maungio. Risasi hutanuka kwa joto kuliko kioo. Dirisha linalotazama jua la mchana hutanuka na kusinyaa kila siku, mpaka maungio yakakatika na dirisha zima likatokeza tumbo. Nondo za chuma zilizowekwa kulitegemeza hushika kutu kwa hewa ya chumvi, hutanuka na kupasua jiwe la pembeni. Wakati huo huja fundi na mrija wa silikoni kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Silikoni yenye harufu ya siki hutoa asidi ile ile ya siki inapokauka, na asidi hiyo huila risasi. Kilichowekwa ili kuzuia mvua kwa misimu miwili huharibu kilichodumu miaka mia moja. Hilo ni "ukarabati" katika maana yake ya kila siku, na aliyelifanya atalipwa.

Njia iliyokubalika kwingineko ni kuweka kioo cheupe cha kinga upande wa nje, pakaachwa nafasi ya hewa kupita kati ya viwili. Imetumika York, Uingereza, kwa dirisha kubwa la mashariki la kanisa kuu, lililotengenezwa kati ya 1405 na 1408 na ambalo kazi ya kulihifadhi ilikamilika mwaka 2018. Haifai kuigwa pwani bila kufikiri, kwa maana joto litakalonaswa kati ya vioo viwili chini ya jua la Kisarawe si joto la York, na nafasi ya hewa itabidi iwe pana zaidi na iwazi juu na chini. Lakini malighafi haiko mbali. Vilima vya Pugu, Kisarawe, vina amana kubwa ya kaolini iliyochanganyika na mchanga wa silika, na Mkuranga, wilaya iliyomegwa kutoka Kisarawe, ilipata kiwanda cha vioo bapa kilichozinduliwa mwaka 2023. Hakuna sababu ya kioo cha kinga kuagizwa ng'ambo. Ufundi wa kukifunga nao unaweza kufundishwa Kibaha, ambako tayari vimo vyuo vinavyofundisha useremala, uashi na uchomeleaji, kikiwamo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilicho chini ya Shirika la Elimu Kibaha. Hakitahitajika chuo kipya. Litatosha somo la wiki chache na mwalimu anayejua kulehemu risasi bila kupasua kioo.

Mlango unalindwa, dirisha halilindwi

Sheria haitasaidia sana, na inafaa kueleza sababu. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Makanisa yote yaliyotajwa hapa ni ya baada ya mwaka huo. Ili yalindwe ni lazima waziri ayatangaze moja moja, jambo lisiloweza kutarajiwa kwa kila usharika. Sheria hiyo hiyo, kwa busara kabisa, hulinda milango na fremu za milango ya mbao iliyonakshiwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1940. Kwa hiyo jengo la mwaka 1895 likiwa na mlango wa nakshi na dirisha la kioo cha rangi, mlango unaweza kumletea mwenye jengo kesi akiuuza. Dirisha anaweza kulivunja kwa nyundo na asiulizwe. Mtunga sheria aliona ufundi katika mbao, hakuuona katika kioo. Pengine ni kwa sababu mlango ulikuwa na jina lake, watu wakijua kusema "mlango wa nakshi", ilhali dirisha lile halikuwa na jina la kulitofautisha na dirisha lolote.

Sera ya Malikale ya mwaka 2008 ina maneno mapana zaidi, na jina lake lenyewe linastahili kutazamwa. "Malikale" ni neno lililoundwa kwa mali na kale. Lilipoanza kutumiwa lilisikika la kubuniwa, leo linaandikwa katika nyaraka za serikali bila alama za kunukuu. Limefaulu kwa sababu kila sehemu yake inajulikana sokoni. Hicho ndicho kipimo kinachopaswa kutumiwa hapa.

Maneno yaliyopo

Wapo wanaopendekeza kwamba Kiswahili kikope majina ya Kiingereza ya mbinu hizi na kuyatohoa, kama kilivyotohoa mengine. Utohozi hauna ubaya kwa kemia: kobalti, boraksi na manganizi ni majina ya ulimwengu mzima, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 iliizoesha njia hiyo. Lakini matendo ya mikono si elementi. Mtu hutenda kwa kufuata kitenzi anachokielewa, na kitenzi kilichotoholewa hakimwamuru fundi chochote.

Vitenzi vya Kiswahili vilivyopo vinatosha iwapo vitatengwa. Kutunza ni kazi ya kila siku: kufuta vumbi kwa brashi laini, kuzuia mchwa katika fremu, kuziba paa linalovuja juu ya dirisha. Kurejesha ni kukirudisha kitu katika hali iliyokuwapo kabla, jambo linalohitaji ushahidi wa hali hiyo na ambalo mara nyingi halipaswi kufanywa. Kukarabati kubaki na maana ambayo umma umekwisha kukipa, yaani kukifanya kitu kitumike tena, hata kwa kubadilisha sehemu zake. Linafaa kwa paa la bati na sakafu. Na kuhifadhi kuwe kukiacha kitu kilivyo na kuondoa kinachokimaliza.

Hili la mwisho litapingwa kwa hoja kwamba "hifadhi" imekwisha kuchukuliwa na mbuga za wanyama. Pingamizi hilo linasahau matumizi ya zamani zaidi, yanayojulikana katika kila chuo cha Kurani kuanzia Kisarawe hadi Lamu. Mtoto anayehifadhi sura haisahihishi, haifupishi, haipambi. Akisahau neno haweki jingine linalofanana nalo. Hunyamaza mpaka akumbushwe na aliye na ushahidi wa matini. Nidhamu hiyo ndiyo inayodaiwa na wahifadhi wa vioo wa Ulaya, na ambayo Corpus Vitrearum, jumuiya ya wataalamu iliyoanzishwa mwaka 1952, imeiandikia miongozo. Pale ambapo kipande cha uso kimepotea, hakichorwi kingine kwa kukisia. Kiswahili kilikuwa na dhana hiyo kabla ya miongozo hiyo, katika kinywa cha watoto. Mafundi wengi wa Kisarawe walikuwa watoto hao, nao wataielewa mara moja wakiambiwa kwamba dirisha hili linahifadhiwa kama sura inavyohifadhiwa, hata kama ni la kanisa.

Kwa upande wa majina, "kioo cha rangi" kibaki kuwa jina la jumla, kisha aina zake zitajwe kwa hali zao: kioo kilichokolea rangi, kwa ile iliyoenea kote, kama nguo inavyokolea, kioo kilichovikwa rangi, kwa tabaka jembamba, kioo kilichotiwa fedha, kwa manjano, na kioo kilichochorwa. Muhtasari wa kikao unaoandika "kuhifadhi madirisha mawili ya kioo kilichochorwa, yasioshwe kabla ya kupimwa" umetumia maneno machache zaidi ya ule unaoandika "ukarabati wa madirisha", na umeokoa uso wa mtu.

Neno "risasi" ni gumu zaidi. Katika masikio ya wengi ni ya bunduki kwanza, madini baadaye, na agizo la kununua kilo kadhaa za risasi kwa ajili ya kanisa lina uchekeshaji wake. Haifai kulikimbia kwa sababu hiyo. Madini hayana jina jingine lililozoeleka. Kinachohitaji jina ni kile kipande chembamba kinachoshika vioo viwili. "Ukanda wa risasi" umependekezwa, lakini ukanda ni bapa, hausemi kwamba kioo kinaingia ndani yake. "Mfereji wa risasi" husema hivyo, ila huleta maji mawazoni, nayo ndiyo yanayotakiwa kuzuiwa. Katika nyumba za miti na udongo ambazo Wazaramo wamejenga tangu zamani, vipo vijiti vyembamba vinavyofungwa kwenye nguzo ili udongo ushikwe usianguke. Huitwa fito. Havionekani nyumba ikikamilika, na vikioza ukuta huanguka hata kama udongo wake ni mzima. "Ufito wa risasi", wingi wake "fito za risasi", husema kazi ya kitu hicho kuliko jina jingine lolote lililopendekezwa. Kabla halijapelekwa BAKITA lingefaa kupelekwa kwa mafundi wa Kibaha, dirisha bovu likiwa mezani, ili isikike watakavyoliita wenyewe watakapoombwa kulipitisha kutoka mkono hadi mkono.